Nilichojifunza kwa Gemu ya Mwanangu

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba adui wa nyumba yangu anaishi Mwanjelwa, katika banda la mabati lililokuwa nyuma ya wauza mitumba. Ndani ya banda hilo mlikuwa na televisheni mbili za kichogo, mashine mbili za PlayStation, benchi la mbao, na vijana waliobanana kama magunia ya viazi. Sarafu moja ya shilingi 200 ilikupa mechi moja ya mpira. Jumapili moja ya mwaka 2013 mwanangu hakuonekana shule ya Jumapili, nami nilijua pa kumtafuta. Niliingia na nguo zangu za ibada, nikamkuta ameshika pedi, ametumbua macho kwenye kioo, na sadaka niliyompa asubuhi imekwisha kuwa mechi. Aliponiona alisema, "Mama, subiri, bado dakika mbili." Sikusubiri. Nilimvuta sikio mbele ya wenzake mpaka barabarani.

Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu. Habari ile niliitoa kwenye jumuiya kama ushuhuda wa mzazi anayewapigania watoto wake, na wenzangu wakaitikia amina. Jambo moja sikulitaja, wala hakuna aliyeniuliza. Ilikuwa miezi mitatu tu tangu tumzike dada yake.

Mimi ni mzaliwa wa Iringa, nikaolewa Mbeya, na kazi yangu ni kufundisha watoto wa madarasa ya chini. Mungu alitupa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Mwaka 2012 binti yetu, akiwa na miaka minne, alianza kuwa na homa zisizokwisha na kutokwa damu puani. Vipimo vilionyesha saratani ya damu, tukaandikiwa rufaa kwenda Dar es Salaam. Mume wangu alibaki Mbeya kwa ajili ya kazi na kijana aliyekuwa darasa la sita. Mimi nilipanda basi alfajiri na mtoto mapajani. Pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, mama yangu alikuwa amesimama kando ya barabara tangu asubuhi na chupa ya togwa. Alitupitishia dirishani, akamgusa mjukuu wake kichwani, basi likaondoka. Tulipokuwa tunashuka milima ya Kitonga mtoto aliniuliza kama bibi naye anakuja. Nikamwambia atakuja.

Miezi iliyofuata niliomba kuliko nilivyowahi kuomba. Nilifunga siku tatu, nikafunga siku saba. Mtu mmoja aliniambia kwamba kama mtoto haponi kuna dhambi haijatubiwa, nikatubu hata mambo ambayo sikuyafanya. Mwingine aliniambia niombe saa tisa usiku, nami nikawa naamka saa tisa. Kila jioni nilimpigia simu kijana wangu na kumwambia maneno yale yale: "Omba sana, baba. Ukiomba kwa imani, dada yako atapona, atarudi nyumbani." Alikuwa ananijibu, "Sawa, mama."

Alirudi nyumbani Januari 2013, lakini si kwa namna niliyomwambia kaka yake.

Sikuacha kanisa. Niliendelea kuimba, kutembelea wagonjwa na kuhesabu sadaka. Lakini ndani yangu kulikuwa na chumba nilichokifunga, na kila nilipoomba nilikuwa naomba nikiwa nimesimama nje ya mlango wake. Kijana naye alikuwa na chumba chake. Mimi nilidhani chumba chake ni lile banda la Mwanjelwa.

Miaka ikapita. Alimaliza sekondari, akapata nafasi ya kusoma mambo ya kompyuta chuoni Iringa. Krismasi ya mwaka 2021 alikuja likizo, na jioni moja mezani akatuambia kwamba kuna gemu ambazo ni kazi bora, sawa na kitabu kizuri au wimbo mzuri. Baba yake alicheka, akaenda kulala. Mimi nilikasirika kidogo. Ila mwalimu ana udhaifu wake: ukidai kitu mbele yake atakutaka ukithibitishe. Nikamwambia, "Nionyeshe." Mvua ilikuwa inanyesha, jiko la mkaa lilikuwa bado na moto. Akaweka kompyuta yake juu ya meza ya chakula.

Alianza na gemu ya zamani, Super Mario Bros, iliyotengenezwa Japani na kampuni ya Nintendo mwaka 1985, na mbunifu wake mkuu akiwa Shigeru Miyamoto. Kuna mtu mdogo mwenye sharubu anayetembea kuelekea kulia. Nilitafuta maelezo ya kucheza, sikuona. Akasema, "Tembea tu, mama." Nikatembea. Kitu kikaja mbele yangu kama uyoga wenye hasira, kikanigusa, nikafa. Nilipoanza tena kikaja kile kile, nikaruka, nikapita. Baada ya dakika chache nilikuwa nimejua kuruka, kugonga matofali kwa kichwa na kukanyaga adui, na hakuna neno hata moja nililosoma. Hapo nilinyamaza. Mimi nimefundisha darasa la kwanza zaidi ya miaka ishirini, na najua ugumu wa kumfundisha mtu bila kumweleza. Aliyepanga mambo yale alikuwa mwalimu hodari. Aliliweka kosa la kwanza mahali ambapo halinigharimu sana, akaniacha nilifanye mwenyewe.

Kisha akanionyesha Tetris, iliyobuniwa Moscow mwaka 1984 na Mrusi Alexey Pajitnov. Vipande vya miraba minne minne vinashuka kutoka juu, nawe unavigeuza vikae sawa kama anayejenga ukuta. Nikauliza inaishaje. Akasema kadiri unavyoiweza ndivyo inavyokwenda kasi, mpaka ikushinde. Watu walikuwa wameicheza karibu miaka arobaini wakijua hivyo.

Nilimwuliza kwa nini basi zile mashine za kamari zilizojaa mitaani, zinazomeza sarafu za vijana wetu, nazo zisiitwe kazi bora, maana watu wanazicheza mpaka nauli inaisha. Alijibu bila kusita. "Mashine ile imetengenezwa ili usiondoke, na ujuzi wako hauna kazi pale. Gemu nzuri inakufundisha kitu, halafu inakuachia uende." Nilijibu kwamba bao la babu yake ni hivyo hivyo. Akasema, "Ndiyo, mama. Babu ana kazi bora barazani na hajui."

Hapo nilimkumbuka baba yangu. Tangu nikiwa mtoto pale Iringa alicheza bao kila jioni, na wapo waliomsema kwamba mkristo hapaswi kukaa na kete. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Hakuna dadu, hakuna kilichofichwa; ukishindwa huwezi kulaumu bahati. Baba alikuwa anajibu kwa upole kwamba nabii Zekaria, alipoonyeshwa Yerusalemu iliyorejeshwa na Bwana, aliona wazee wameketi na mikongojo yao na njia zimejaa watoto wanaocheza. Akasema Mungu angeichukia michezo asingeionyesha katika mji wake.

Basi nikamwambia kijana kwamba nimekubali kidogo. Gemu inaweza kutengenezwa kwa akili na kwa heshima. Lakini kitabu kizuri kinaweza kunigusa moyo. Je, hii inaweza?

Hakujibu upesi. Aliangalia mlango wa chumba alicholala baba yake. Kisha akasema, "Kuna moja ninayo kwa miaka miwili. Niliogopa kukuonyesha."

Jina lake ni That Dragon, Cancer, yaani joka lile, saratani. Ilitengenezwa Marekani na mtu na mkewe, Ryan na Amy Green, pamoja na wenzao wachache, ikatoka Januari 2016. Mtoto wao Joel aligunduliwa kuwa na uvimbe wa saratani kichwani akiwa na umri wa mwaka mmoja. Madaktari walisema hataishi muda mrefu, akaishi miaka kadhaa zaidi ya walivyosema, akafariki Machi 2014 akiwa na miaka mitano. Wazazi hao ni wakristo. Walianza kuitengeneza gemu mtoto akiwa hai, wakiwa bado wanatumaini, na wakaimaliza baada ya kumzika. Baadaye ilipewa tuzo, lakini mwanangu hakunitajia tuzo usiku ule. Aliniambia tu habari za mtoto, kisha akauliza kama tuendelee au tuache.

Nilimwambia acheze yeye, mimi nitazame.

Watu katika gemu hiyo hawana macho wala midomo. Mwanzoni niliona ni uvivu wa wachoraji. Lakini sauti za baba na mama ni zao wenyewe, na baada ya muda uso usio na kitu unakuwa uso wa mtu unayemjua. Mwanangu alikuwa ananitafsiria maneno. Tulipofika kwenye chumba cha hospitali, usiku, baba yuko peke yake na mtoto anayelia, kijana akaacha kucheza. Akasogeza kipanya mbele yangu. "Hapa cheza wewe, mama. Ukitazama tu hutaielewa."

Nikashika kipanya. Mtoto alikuwa analia kwa kiu na maumivu. Nikabofya kinywaji, nikampa, akakitapika. Nikabofya kiti, baba akakaa. Mtoto akaendelea kulia. Nikambeba, nikamtembeza, nikamrudisha kitandani, akawa anagonga kichwa kwenye vyuma vya kitanda. Nikabofya dirisha. Nikabofya mlango. Nikarudi kwenye kile kinywaji. Nilikuwa nimeshajua mchezo unavyokwenda: kila tatizo lina kitufe chake, kazi yangu ni kukitafuta. Nikamwambia mwanangu kwa ukali kidogo, "Nibonyeze wapi?" Akasema, "Hakuna mahali, mama."

Mkono wangu ulibaki juu ya kipanya. Sijui nilikaa hivyo muda gani.

Mwishoni baba yule, akiwa ameishiwa, anaanza kuomba. Maombi yake hayana ufasaha. Ni ya mtu aliyeshindwa. Na wakati akiomba, mtoto ananyamaza, analala. Nilisoma baadaye kwamba usiku ule ulitokea kweli katika maisha yao, na kwamba gemu nzima ilizaliwa kutokana na usiku huo. Lakini Joel alikufa. Maombi yale yalimtuliza usiku mmoja, hayakumwondolea joka. Waliotengeneza gemu walikuwa na uwezo wa kubadilisha mwisho, maana kila kitu ndani yake kiko mikononi mwao. Hawakuubadilisha.

Mimi nilianza kulia kwa sababu nyingine. Nilikumbuka usiku wangu mwenyewe wodini Dar es Salaam. Binti yangu alikuwa analia vivyo hivyo. Nami nilitoka nje kwenye kibaraza, simu sikioni, nikiomba pamoja na mtu aliyesema kwamba usiku huo mnyororo utakatika. Niliomba saa nzima. Niliporudi mtoto alikuwa amelala, lakini amelala mapajani mwa mama wa kitanda cha jirani, mwanamke wa Kiislamu kutoka Kilwa, ambaye naye alikuwa na mgonjwa wake. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Alikuwa anakuita." Siku zile nilimshukuru Mungu kwamba maombi yamejibiwa, mtoto amelala. Kwa karibu miaka tisa sikutaka kusikia yale maneno mengine mawili.

Nilimweleza mwanangu jambo hilo pale mezani. Sikuwahi kumweleza mtu, hata baba yake. Aliniacha nimalize. Kisha naye akasema, huku akiangalia kioo cha kompyuta na si mimi:

"Mama, mimi nilidhani aliyekosea kuomba ni mimi."

Sikuelewa. Akaendelea. Alisema nilipokuwa nampigia simu na kumwambia aombe kwa imani, aliomba kila usiku. Lakini usiku mmoja alisinzia bila kuomba, na baada ya siku chache tukapiga simu kwamba dada yake amefariki. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakumwambia mtu. Ila tangu siku hiyo akiingia kanisani aliona kama watu wote wanajua. Banda la Mwanjelwa lilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyemwuliza lolote. "Kule ukifungwa tano bila," alisema, "mechi inayofuata mnaanza sifuri kwa sifuri."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya dhambi za vijana. Sijasikia mengi juu ya mzigo ambao sisi wazazi tunawatwika kwa maneno yanayofanana na imani. Maneno niliyompa mwanangu kila jioni yalikuwa kitufe. Nilimwambia abonyeze, na nilimwahidi kitakachotokea, wala Mungu hakunituma kuahidi hivyo. Kitufe kilipokataa, mtoto alidhani kidole chake ndicho kibovu. Nami nilimfuata hadi bandani, nikamvuta sikio, nikafanya ushuhuda.

Usiku ule nilimwomba mwanangu msamaha. Kwetu si jambo la kawaida mzazi kumwomba mtoto msamaha, na sikujua hata maneno ya kutumia. Nilisema tu, "Hukukosea, baba. Mimi ndiye niliyekosea kukuambia." Alinyamaza, kisha akaenda kuongeza mkaa jikoni, ingawa hakukuwa na kitu cha kupika.

Sasa nikiulizwa ni nini kinachoifanya gemu kuwa kazi bora, nina jibu langu. Picha nzuri si msingi wake, wala ugumu wake, wala idadi ya walioinunua. Ni ile inayoiambia mikono yako jambo ambalo masikio yako yalikwisha kulikataa. Mchungaji wetu alihubiri mara nyingi kwamba Bwana Yesu mwenyewe, kule Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke, na kikombe hakikuondoka. Luka anaeleza kwamba alichotumiwa ni malaika wa kumtia nguvu. Nilikuwa naitikia amina kwa mahubiri hayo. Lakini sikuwahi kuyajua mpaka mkono wangu uliposimama juu ya kipanya, nikiwa nimemaliza kila cha kubonyeza. Hapo ndipo nilipoona kwamba kuomba ni kubaki na mtoto chumbani, mbele za Mungu, wakati hakuna cha kubonyeza. Mimi nilikuwa nimetoka chumbani ili nikaombe.

Sisemi kila mtu aicheze gemu ile. Aliyefiwa karibuni aiache kwanza. Wala sijawa mtetezi wa mabanda. Mtoto anayekula sadaka bado ana la kujibu, na kamari bado ni kamari. Lakini siku hizi nikimkuta mtoto wa usharika wetu mahali nisipopapenda, naanza kwa kumwuliza nyumbani kuna nini. Na nikimtembelea mgonjwa mwenye watoto, siwaambii watoto kwamba wakiomba kwa imani mama atapona. Nawaambia tunamwomba Mungu ampe uzima, na kwamba lolote litakalotokea halitakuwa kosa la maombi yao. Kisha nakaa. Mara nyingi nakaa muda mrefu kuliko ninavyosema.

Mwaka mpya ule tulikwenda Iringa wote watatu kumsalimu baba yangu, ambaye sasa ni mjane. Alitupokea kwa "kamwene" yake ya siku zote, na kabla chai haijaiva alikwisha mkalisha mjukuu wake mbele ya bao. Mimi nilikaa pembeni. Baba alikuwa anamweleza kwa nini hapendi drafti. Kwenye drafti, alisema, kizibo kikiliwa kinatupwa nje ya ubao, kimekwisha. Kwenye bao kete iliyoliwa haitoki. Inavuka upande wa pili, inagawiwa kwenye mashimo ya mwenzako, na mchezo unaendelea nazo zote 64. Baba alikuwa anafundisha bao tu, hakuwa na neno lingine nyuma yake. Lakini mwanangu aliinua macho akanitazama, nami nikamtazama.

Kisha akaniita, "Mama, njoo ushike wewe, babu ananimaliza." Nikasogea, nikashika kete.